Ufunguo wa nati: mwizi anaujua, mwenye gari anautupa

Najua nimeadimika. Nilikuwa fildi huko Karatu, wiki nane za mazoezi ya kufundisha, fizikia na hesabu kidato cha pili. Baridi ya Julai ya kule anayeijua anaijua: asubuhi ukungu umekaa mpaka mlangoni, unashika chaki na vidole havina habari. Nimerudi salama, bumu halijatoka, maisha yanaendelea.

Leo lakini siandiki habari za bumu. Naandika habari za nati. Ndiyo, nati ya tairi. Msicheke kwanza.

Juzi usiku tulikuwa kimbwetani watu sita tunasubiri umeme urudi, nikawa nawasimulia mkasa uliotupata mimi na baba mdogo kule juu Ngorongoro. Nilipofika pale fundi anapofungua nati ya loki bila ufunguo wake, mshikaji wangu mmoja wa sheria akanikata: "Ticha, hiyo usije ukaiandika kwenye blogu yako. Utakuwa umefungua shule ya wezi." Wengine wakamuunga mkono. Mmoja akasema mtu anayejua kufungua kufuli isiyo yake kesi anayo tayari, bado kukamatwa tu. Tukacheka, umeme ukarudi, kila mtu akarudi kwenye desa lake.

Lile neno limenikaa kichwani siku tatu. Nimelipima, nimeona si kweli, na naliandika hapa.

Kwanza kwa ambao hawajawahi kushika spana. Tairi la gari ndogo linashikiliwa na nati nne au tano. Nati ya kawaida ina pembe sita, spana yoyote ya saizi yake inaifungua. Sasa watu wenye rimu nzuri wakaona rimu zinaibwa usiku, gari linaachwa juu ya matofali. Ndipo zikatengenezwa nati za loki. Katika kila tairi unaondoa nati moja ya kawaida unaweka ya loki, yaani nne kwa gari zima. Hiyo haina pembe sita. Ni ya duara, na usoni imechorwa mfereji wenye mikunjo, mwingine unafanana na ua. Ili uifungue unahitaji kipande kidogo cha chuma, ukubwa wa kidole gumba hivi. Upande mmoja kina mchoro unaoingia kwenye ule mfereji, upande wa pili kina pembe sita za kushikwa na spana ya kawaida. Hicho ndicho ufunguo. Hakina mnyororo, hakina jina, ukikikuta sakafuni unaweza kudhani ni kipande kimedondoka kwenye mashine fulani. Hilo la mwisho mlishike, tutalirudia.

Sasa mkasa wenyewe.

Baba mdogo ana Noah, ya forwili, mtumba kama Noah zote mnazoziona barabara ya Arusha. Aliinunua kwa mtu, na yule mtu aliitoa yadi ya Dar es Salaam. Rimu zake zilikuwa za kung'aa zamani hizo. Jumamosi moja jirani yetu, mama mmoja mwenye mtoto mchanga, alipata habari kuwa mama yake mzazi amelazwa Endulen. Baba mdogo akasema mafuta tutachangia, twende. Tukaondoka Karatu alfajiri, tukapita Njia Panda, tukasubiri geti la Lodoare lifunguliwe saa kumi na mbili, tukapanda msituni hadi ukingoni mwa kreta, kisha tukazunguka kuelekea Endulen. Mama tukamwona, anaendelea vizuri, tukaaga mapema. Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni, na kule juu si mahali pa kusema nitalala popote.

Wakati wa kurudi, tumeshaipita ile sehemu wageni wanaposimama kutazama kreta, tunateremka msituni, saa kumi na moja kasorobo, gari likaanza kuvutia kushoto. Pancha. Tairi la mbele kushoto.

Nikasema moyoni, si tabu, spea ipo, jeki ipo, wilispana ipo. Nikashuka. Nati ya kwanza nikailegeza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano spana ikawa inazunguka hewani. Nikainama kuangalia. Duara. Ua.

"Baba mdogo, hii inafunguliwa na nini?"

"Si na hiyo spana?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hata yeye hajui. Amekaa na gari lile mwaka na nusu, hajapata pancha hata moja.

Tukaanza kutafuta. Droo ya mbele, mifuko ya milango, chini ya viti, kisahani cha sigara, chini ya kapeti ya nyuma, kwenye kifuko cha jeki. Tukapata risiti za mafuta, kiatu kimoja cha mtoto, na betri za tochi zilizovuja. Ukungu ukaanza kushuka. Mama yule yuko ndani na mtoto analia, kioo amefunga kabisa. Msitu ule una nyati na tembo, na utaratibu wa hifadhi ni kwamba hushuki garini ovyo. Mimi niko chini nimepiga magoti, mgongo wangu umeelekea porini. Baba mdogo anaangalia msitu, mimi naangalia nati. Wadau, nilisoma fizikia miaka yote ile, na mbele ya kile kichuma nilikuwa sawa na mtu ambaye hajaona mlango wa darasa.

Saa kumi na moja na robo ikaja Land Cruiser ya watalii. Dereva wake, mtu mzima wa Rhotia, akasimama. Shikamoo, marahaba, vipi hapa. Akachuchumaa, akaitazama ile nati, akatutazama sisi.

"Ufunguo hamna?"

"Hatuna."

"Basi hiyo iacheni. Rudisha hizo nne, kaza."

Mimi nikashangaa, tumehangaika nusu saa kuzifungua. Nilipomaliza kukaza akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumejiuliza: "Pancha iko wapi?" Tukasogeza gari taratibu, tairi likageuka, mwiba huo hapo, katikati ya kashata. Tairi lenyewe ni tubulesi. Akauchomoa kwa koleo, akaingiza kile chuma cha kukwangua tundu, akachukua kamba ya kahawia yenye gundi, akaipitisha kwenye sindano yake, akaisukuma ndani, akavuta, akakata masikio. Akaunganisha kikompresa chake kidogo kwenye betri, tairi likajaa. Tairi halijavuliwa. Nati haijaguswa.

"Hii inazibwa hivi kwa sababu tundu liko usoni," akatuambia. "Lingekuwa ubavuni, nisingethubutu. Sasa nendeni polepole, na kesho mzitoe hizo nati zote nne mkiwa Karatu, mchana, kwa fundi. Msisubiri ziwatoe nyie."

Hela hakuchukua. Tulipita getini saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Hilo ni somo la kwanza, na nalitanguliza kwa makusudi. Ukikwama na nati ya loki barabarani huna ufunguo, swali la kwanza si jinsi ya kuifungua. Ni kama kuna ulazima wa kuifungua hapo ulipo. Pancha ya usoni kwenye tubulesi inazibika tairi likiwa mahali pake. Watu wamevunja boliti porini kwa papara, wakabaki na tairi lisilofungika kabisa.

Jumapili mchana tukaenda gereji pale Karatu. Fundi alikuwa kijana, hanizidi miaka mitano. Baba mdogo akamweleza. Fundi akafuta mikono, akasema, "Mzee wangu, samahani sana, kadi ya gari unayo?"

Baba mdogo akakasirika. Mnamjua mtu wa heshima zake akiulizwa kama gari ni lake mbele ya watu. Fundi hakupandisha sauti. Akasema, "Sikutilii shaka, mzee. Nati hii imewekwa ili anayetaka kuifungua aulizwe kwanza. Nisipouliza mimi, nani atauliza?" Baba mdogo akaenda kuleta kadi. Fundi akaisoma namba, akailinganisha na ya gari, akasema asante, tuanze. Mimi siku ile nilimheshimu yule fundi kuliko wahadhiri wangu wawili watatu (majina sitaji, nina mitihani bado, teh teh).

Alichofanya nakisimulia kwa mpangilio, maana mpangilio wenyewe ndio kazi.

Kwanza akatuambia tutafute ufunguo tena. Akatafuta na yeye, hadi kwenye kishimo cha vifaa na chini ya spea. Alisema zaidi ya mara moja ameshasuburi mtu avunje moyo halafu ufunguo ukaonekana kwenye soksi ya jeki. Akauliza kama tuna kile kikadi chenye namba. Nati za kampuni kama McGard ya Marekani huja na namba ya ufunguo, na ukiwa nayo unaweza kuagiza mwingine. Kikadi hatukuwa nacho.

Pili, gari likabaki chini, halijapigwa jeki, ili tairi lisizunguke. Akakaza kidogo zile nati nne za kawaida zinazozunguka ile ya loki. Mimi nikadhani amekosea. Kumbe hapana: nne zikibeba mzigo, ile ya tano inapunguziwa shinikizo.

Tatu, akavaa miwani, akachagua soketi kuukuu yenye meno kumi na mawili, ndogo kidogo kuliko nati, akaigongelea kwa nyundo mpaka ikaing'ata. Akachomeka mpini mrefu, akauvika bomba, akavuta kwa mkono, taratibu, bila kushtua. Ikalia "kwii", ikatoka. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mashine ya upepo alikuwa nayo, hakuigusa. Alisema mashine ya upepo ndiyo inayopasua hata funguo nzima, watu wanapoitumia kwa haraka.

Ya nne ikagoma. Kulikuwa na mtu aliyeshaijaribu zamani kwa tindo, akaila pembeni, soketi ikawa inateleza. Hapo ndipo ikabidi kuchomelea. Na hapa nawaomba sana msome polepole. Kabla ya kuwasha mashine, alichomoa waya wa betri, akang'oa sindano ya vali akatoa upepo wote wa tairi lile, akafunika rimu na breki kwa magunia mabichi. Nikauliza kwa nini upepo. Akasema rimu ikipata moto tairi likiwa limejaa, linaweza kupasuka kama bomu, na fundi hatakuwepo wa kuulizwa. Kisha akachomelea nati ya kawaida juu ya ile ya loki, akaacha ipoe kidogo, akashika kwa spana, ikatoka. Ule moto nao ulisaidia kuilegeza.

Mwisho akakagua boliti zote kama uzi haujalika, akatuwekea nati nne mpya za kawaida. Hata hapo hakuchukua tu yoyote kwenye kopo. Alilinganisha uzi, halafu akalinganisha makalio: kuna nati zinazokaa kwenye rimu kwa umbo la koni, na kuna zinazokaa bapa zikiwa na washa yake. Ukichanganya, nati itaonekana imekaza kumbe haijakaa, na tairi litalegea njiani. Akatuambia tukiendesha kama kilometa 50 hadi 100 tusimame tukaze tena.

Haya, shule ya wezi ndiyo hiyo. Sasa niambieni: mwizi amejifunza nini hapo ambacho hakukijua?

Wadau, mwizi wa rimu hahitaji blogu ya mwanachuo wa ualimu. Nyundo anayo, soketi kuukuu anayo, na gari si lake, kwa hiyo hajali boliti ikivunjika wala rimu ikichubuka. Tena ana sababu ya kujifunza, maana ndiyo mkate wake. Angalieni Dar: watu wanachora namba za gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa, kwa sababu mwizi anajua kung'oa kioo kuliko mwenye gari anavyojua kukirudisha. Elimu iko upande wa mwizi siku nyingi. Anayebaki gizani ni baba mdogo.

Na ushahidi wangu ni huu. Jioni ile baba mdogo alimpigia simu aliyemuuzia gari. Akamweleza: kipande cha chuma, kidogo hivi, kina ua upande mmoja. Yule bwana akanyamaza, kisha akasema, "Aaa, kile? Mimi nilikikuta kwenye droo nikadhani kimevunjika kutoka mahali. Nilikitupa wakati nasafisha gari nikuletee likiwa safi."

Mmeona? Hakuiba mtu. Hakudanganya mtu. Alikitupa kwa heshima, ili mteja akute gari safi! Alikitupa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kile ni nini. Sisi tulikwama msituni na mtoto mchanga, na kilichotukwamisha ni jambo ambalo halikusemwa. Mshikaji wangu wa sheria anataka liendelee kutosemwa.

Siku hizo hizo nilikuwa nafundisha mada ya mzunguko wa kani. Mnajua tunavyofundisha: kwa Kiingereza, fomula ubaoni, kani mara umbali, andikeni, swali la kwanza, la pili. Wanafunzi wanaandika vizuri, ukiuliza ina maana gani wanatazama dirishani. Jumatatu nikaenda darasani na wilispana ya baba mdogo na kipande cha bomba. Nikawaambia: gari nyingi ndogo za Toyota, nati ya tairi hukazwa kwa nyutoni mita 103 hivi. Ukishika spana umbali wa sentimita 30, unahitaji nyutoni 343, karibu uzito wa kilo 35. Ukivika bomba ukashika umbali wa mita moja, ni nyutoni 103, kama uzito wa ndoo ya lita kumi ya maji. Nati ni ile ile, mkono ni ule ule. Darasa likaamka. Binti mdogo kuliko wote akaomba ajaribu kwenye gari la mwalimu wa taaluma, akaifungua nati ambayo mvulana wa nyuma alikuwa ameshindwa bila bomba.

Halafu kijana mmoja, kwao Mang'ola, wanalima vitunguu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, lakini kwenye Fuso ya mjomba, tairi za kushoto nati zinafunguka kwa huku." Akazungusha mkono kinyume. Nikasema nitauliza. Nikamuuliza yule fundi wa gereji, akacheka: kweli, malori mengi ya Kijapani ya zamani, upande wa kushoto uzi wake ni wa kinyume, na mtu asiyejua atakazana kufungua kumbe anakaza mpaka boliti ikatike. Nikarudi kesho yake nikamwambia darasa zima kwamba yuko sahihi na mimi nilikuwa sijui. Tangu siku ile hakunyamaza tena darasani.

Sasa nijibu na ya upande wa pili, nisionekane nimefumba macho. Mshikaji ana hoja moja ya kweli: si kila anayeuliza jinsi ya kufungua kufuli ana nia njema. Ni kweli. Lakini jibu la hoja hiyo nimelipata kwa yule fundi. Ujuzi alikuwa nao wote, na bado aliomba kadi. Mlinzi wa gari lile hakuwa ile nati, ambayo ilitoka kwa nyundo na soketi kuukuu. Alikuwa mtu anayejua kufungua na bado anauliza kwanza. Ukimnyima mtu mwaminifu ujuzi, hujamlinda yeyote, umepunguza tu idadi ya watu wanaoweza kusaidia saa kumi na moja jioni ukungu ukishuka.

Wala sisemi nati za loki hazina kazi. Mpita njia mwenye tamaa na spana moja zitamzuia. Mwenye rimu za thamani anayelaza gari nje, aweke. Ila ajue ameongeza kitu cha nne kwenye gari cha kutunza: spea, jeki, spana, na ufunguo. Baba mdogo yeye rimu zake zimeshachubuka, thamani yake hata mwizi angesikitika. Alikuwa anabeba kufuli ya kulinda kitu ambacho hakuna anayekitaka. Kule Eyasi wahunzi wa Kidatoga huyeyusha makufuli chakavu wakafua bangili, na mimi naona hiyo ni kazi ya maana kuliko kufuli lisilo na ufunguo.

Kwa hiyo, wadau, mimi naomba mambo haya.

Wewe ambaye nyumbani kwenu kuna gari, hata kama si lako, leo hii kaangalie tairi. Nati zote zinafanana? Kama kuna moja ya duara katika kila tairi, uliza ufunguo wake uko wapi, na usikubali jibu la "upo tu humo ndani". Ushike mkononi, ujaribu kwenye nati, uurudishe pamoja na spana. Gari likitoka gereji au kuzibwa pancha, angalia tena, maana funguo nyingi hubaki juu ya meza ya fundi. Kama haupo, zitoe nati hizo mchana, mjini, kwa fundi mwenye miwani. Na usichukie akikuomba kadi.

Wewe unayenunua gari, kabla hujahesabu hela, uliza. Wewe unayeuza, usitupe usichokijua.

Na sisi wenzangu wa ualimu: tunaenda kufundisha watoto ambao baba zao, mama zao na wajomba zao wanaishi barabarani, na vitunguu, na watalii, na wagonjwa. Spana haigharimu kitu kuiingiza darasani.

Ile spana ya baba mdogo nimeiacha Karatu. Mwalimu wa fizikia aliniomba ibaki kabatini pamoja na bomba lake, baba mdogo akakubali, akanunua nyingine. Lile kabati lina kufuli, na ufunguo wake ofisini wanaujua wote uko wapi.

Mshikaji wa sheria, nimeandika. Nishitaki. Naomba kuwasilisha.